Mawese Yaliyoganda Kalinzi

Wiki iliyopita nilipokea chupa ya mawese kutoka Kigoma. Mama hunitumia kila anapopata mtu wa kuaminika anayesafiri, na huifunga chupa kwa mifuko na kamba kiasi kwamba kuifungua ni kazi inayotaka moyo. Hapa Njombe ninakoishi baridi haina mzaha. Niliiacha chupa jikoni, na kulipokucha mawese yalikuwa yameganda, manjano tupu kama nta, hayamwagiki hata ukiipindua chupa juu chini. Binti yangu aliyatazama akasema yameharibika, tuyatupe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu machozi yakanitoka bila kuaga, na ikabidi nimweleze kwamba silii mawese, nalilia gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya baba yangu, ya bluu iliyopauka, kuukuu kuliko mimi. Baba alinunua dagaa mwaloni Ujiji, mitumbwi inapotua, akazipandisha milimani kuuza, akarudi na maharage na mikungu ya ndizi. Madumu ya mawese nayo yalisafiri humo, na hakuna dumu lisilovuja. Kwa hiyo gari lilinuka dagaa kwenye viti, mawese sakafuni, na petroli kila mahali. Sisi watoto wa mtaa wetu tuliiona hiyo kuwa harufu ya utajiri. Hata leo nikipita sokoni penye gunia la dagaa karibu na dumu la mawese, nageuka kumtafuta Baba.

Nyumbani tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi mzaa baba. Bibi alikuwa mwanamke wa mafuta. Simaanishi unene, maana alikuwa mwembamba kama ufito. Namaanisha kwamba kwake hakikuwepo kitu duniani ambacho mawese hayangekifaa. Aliyapikia, aliyapaka kwenye bawaba za mlango, kwenye mnyororo wa baiskeli ya jirani bila kuombwa, na kwenye magoti yangu yaliyopauka nilipokuwa natoka kwenda madrasa, nikanuka kama sufuria ya maharage mbele ya wenzangu. Marehemu Babu alikuwa utingo wa lori ujanani, na katika yote aliyomwachia mkewe, Bibi alilishika moja kwa imani kubwa, kwamba betri isiyopakwa mafuta huota unga mweupe na kufa. Kila gari lilipotaka kusafiri mbali, Bibi alitoka na kopo lake la bati na unyoya wa kuku, akamwamuru Baba afungue boneti, akapaka vichwa vya betri polepole kwa unyoya ule huku midomo yake ikisoma dua. Baba alimwachia. Nani angebishana naye?

Kisha alizaliwa mdogo wangu, mtoto wa kiume, na hakumaliza arobaini.

Nakumbuka kidogo sana. Nakumbuka kichwa chake kilivyonuka maziwa, na siku nyumba ilipojaa watu wazima waliosema kwa sauti za chini, mimi nikapewa andazi nikalile nje. Nakumbuka pia Mama na Bibi jikoni, siku chache baadaye, Mama akichochea sufuria isiyo na kitu cha maana ndani yake. Bibi alikuwa amemkataza Mama asitoke na mtoto kabla ya arobaini, na Mama alikuwa ametoka naye mara moja, upepo wa ziwani ukivuma. Bibi akasema, bila hasira, kama anayejisemea mwenyewe, "Ungenisikiliza, mtoto angekuwepo."

Mama aliuweka mwiko chini. Kesho yake alipanda gari la watu kwenda kwao Kalinzi, na mimi nikaambiwa amekwenda kupumzika kwa mama yake, kule kwenye kahawa na hewa nzuri. Niliamini. Mtoto huamini neno "kupumzika" kwa sababu hajui mtu anaweza kuchoshwa na nini.

Jumamosi zikawa za Kalinzi. Baba alipakia dagaa kidogo kwa ajili ya kisingizio, akanipakia mimi kwa ajili ya ukweli, tukapita Mwandiga na kuanza kupanda, hewa ikipoa kila kona, mpaka Baba akapandisha vioo. Bibi wa Kalinzi, mama yake Mama, alitupokea kwa migomba yake na moshi wake. Mama alinikumbatia mimi kwa muda mrefu, na kwa Baba akauliza tu habari za safari. Usiku nililala ubavuni mwake chini ya blanketi zito. Alfajiri Baba alitaka tuondoke mapema, maana soko halimngojei mtu, na hapo ndipo gari lilipoanza vituko vyake.

Lilikataa kuwaka. Baba alizungusha ufunguo, ikasikika "tik" moja kavu, taa za dashibodi zikafifia, basi. Akazungusha tena, tik. Uwanja wa Bibi wa Kalinzi ulikuwa bondeni, chini ya barabara. Uliingia kwa kuteremka na kutoka kwa kupanda, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kulisukuma liwake kwa mserereko, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwenye gari bovu Kigoma. Baba alifungua boneti, akagusa waya huu na ule, akaifunga. Tukakaa. Jua likapanda juu ya migomba, likafika uwanjani, likalala juu ya boneti. Baba akajaribu tena kwa kukata tamaa, na gari likawaka mara moja, safi, likinguruma kana kwamba sisi ndio tulikuwa tumechelewa.

Ikawa hivyo wiki ile na wiki iliyofuata. Mimi sikushangaa hata kidogo, maana nilikuwa nimeshajua sababu. Gari lilikuwa limemkumbuka Mama, halikutaka kumwacha. Lilikuwa likigoma kama nilivyotamani kugoma mimi, ila mimi nilikuwa nabebwa tu nikawekwa kwenye kiti. Kila Jumamosi usiku, kabla ya kulala, nilitoka nikaliwekea mkono kwenye bati lake lililopoa na kulinong'oneza lisituaibishe kesho. Halikutuaibisha.

Huko Ujiji Baba alilipeleka kwa Fundi Rajabu, aliyekuwa na karakana ya makuti karibu na kwetu. Nilikwenda nao nikiwa na wasiwasi kama mtu anayempeleka ndugu yake hospitali huku akiomba asipone. Fundi Rajabu alizungusha ufunguo, gari likawaka. Akalizima, akaliwasha, akalizima, akaliwasha. Aliifungua selfu, mota ya kuwashia, akaisafisha, akabadilisha plagi, akaitazama betri iliyong'aa kwa mawese ya Bibi akaisifu kwamba imetunzwa. Mwishowe alifuta mikono, akamwambia Baba kwamba gari linaloumwa Kalinzi tu lipelekwe kwa mganga wa Kalinzi. Watu wote wa karakanani walicheka. Baba naye alicheka, lakini nilimwona njiani akiendesha kimya, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba yeye na mimi hatukuwa upande mmoja katika jambo hili. Yeye alitaka gari lipone ili awe na heshima ya kuondoka anapoaga. Nani anapenda kuaga halafu akabaki amesimama uwanjani kwa wakwe, mikono imejaa grisi?

Lakini kusimama huko ndiko kulikofanya kazi. Jumapili ya kwanza Mama alibaki ndani mpaka gari lilipowaka. Baadaye akaanza kuleta chai, akaiweka juu ya bati la pembeni na kurudi jikoni. Kisha akaileta akasimama kidogo. Baridi ya kule hairuhusu mtu kusimama bila kusema kitu. Waliongea habari za bei ya kahawa, za paa la Bibi wa Kalinzi, za jino langu lililong'oka. Ikafika Jumapili nikawakuta wameketi mkekani wanachambua maharage pamoja, vichwa vimeinama, na Baba akisema jambo kwa sauti ya chini lililomfanya Mama ajifute macho kwa ncha ya kitenge. Nilikimbia kwenda kulishukuru gari. Bibi wa Kalinzi, aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni, alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaniuliza kama gari nalo limeamka salama. Nikamjibu kwamba limelala fofofo, na akasema liache lilale, linajua kazi yake. Tangu hapo nilimpenda kwa namna ya washirika.

Ubaya ni kwamba mvua zilikuwa zinakaribia. Barabara ya Kalinzi zama zile ikishanyeshewa, pikapu kama yetu haikuwa na cha kusema mbele ya utelezi wake. Baba alimwambia Bibi hivyo chakulani, nami nikasikia: safari hii ni ya mwisho kabla ya mvua, na kama Mama Zena hatashuka nasi, basi ni mpaka kiangazi. Zena ni mimi. Kiangazi kilikuwa mbali kuliko nilivyoweza kuhesabu. Bibi hakula tena. Alisogeza sahani, akatoka uani, akarudi na kopo lake na unyoya.

Siku ile alipaka kama anayepaka ukuta. Alichota na kurudia, mpaka vichwa vya betri vikapotea ndani ya wekundu ule, na matone mengine yakamwagikia kanzu ya Baba aliyekuwa ameshikilia boneti. Baba alimwambia taratibu kwamba yanatosha. Bibi hakumsikia au hakutaka. Nilikuwa karibu nao, na dua ilipokwisha nilimsikia akiongeza maneno yake mwenyewe, yasiyo ya Kiarabu. Kisha alinigeukia, akanipaka yaliyobaki kwenye unyoya magotini.

Jumapili hiyo ya mwisho kulikucha na mawingu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kahawa, na hata kuku waligoma kutoka. Tik. Baba alisubiri jua kama kawaida, lakini jua halikuwepo. Alitembea kulizunguka gari, akaangalia juu, akalizunguka tena. Mimi niliketi kizingitini nikiwa na furaha niliyoificha, nikiamini kwamba leo gari limeamua kabisa.

Mama alikuwa jikoni akitaka kuunga maharage. Kule Kalinzi mawese huwekwa kando ya moto kila asubuhi, vinginevyo hayatoki kwenye chupa. Jambo la kawaida, hakuna anayelifikiria. Alitoka na kikombe cha chai mkono mmoja, chupa ya mawese mkono mwingine, akaja mpaka kwenye gari, akaangalia ndani ya boneti juu ya bega la Baba. Nikamwona ananusa. Akaangalia chupa yake, iliyoyeyuka nusu tu upande ulioelekea moto, akaangalia betri. Alimpa Baba kikombe, akanyoosha kidole, akakwangua kichwa cha betri kwa ukucha. Kilichotoka kilikuwa manjano na kigumu, kama nta ya mshumaa, na kilikuwa kimejaa hadi ndani, kati ya kichwa cha betri na kibano cha waya, umeme usipate pa kupita. Kibano chenyewe kilikuwa kimelegea, kikacheza alipokishika. Ndani ya ile nta kulikuwa na uzi mdogo mweupe wa unyoya.

Mama aliushika ule uzi kati ya vidole viwili, akautazama kwa muda.

"Baba Zena," akasema, "hapa anapaka nani?"

"Mama yangu," akajibu Baba. "Unamjua. Kila tukija huku lazima apake."

"Kila mkija."

"Tangu ulipoondoka hajakosa hata safari moja. Jana kamwaga karibu kopo zima."

"Anasema nini akipaka?"

Baba alikunywa chai kwanza. Hakuwa mtu wa kubeba maneno ya mtu mmoja kumpelekea mwingine, na nadhani ndiyo sababu mambo yalikuwa yamechukua muda mrefu hivyo. "Anasoma dua. Halafu anasema, ee Mola, lisimkwamishe Mama Zena njiani akiwa anarudi."

Mama aligeuka akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na birika la maji ya moto na kitambaa. Alimwambia Baba alegeze vibano kwa spana, kisha akamwagia maji juu ya vichwa vya betri kidogo kidogo, mvuke ukapanda usoni mwake, mawese yakayeyuka yakachuruzika mpaka chini majanini. Akafuta nje, akafuta ndani ya vibano, akafuta mpaka madini ya risasi yakang'aa kijivu, Baba akavirudisha vibano na kuvikaza. Uzi wa unyoya aliufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Mimi nilisimama kizingitini nikaanza kulia. Sikuwa na shaka na nilichokiona. Mama alikuwa anaponya gari ili lituchukue. Alikuwa amechoka kutuona tukiganda uwanjani mwake kila Jumapili, na sasa amelikata lile gari ulimi, halitaweza tena kumkatalia mtu. Baba aliketi nyuma ya usukani. Mama akasema, "Washa." Likawaka palepale, bila jua, katika ukungu, na sauti ile niliyoipenda ikawa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilipiga kelele mpaka Bibi wa Kalinzi akanibeba kifuani kwake. Mama aliingia ndani bila kunitazama.

Alikaa huko. Gari liliendelea kunguruma, na Baba hakuthubutu kulizima, wala kuondoka, wala kushuka. Bibi wa Kalinzi alinipigapiga mgongoni akiniambia ninyamaze, nitazame mlangoni. Sikutaka kutazama. Alinigeuza kichwa kwa mkono wake mgumu wa jembe.

Mama alitoka na fundo la nguo kichwani na blanketi mkononi. Bibi wa Kalinzi alinitupa ndani ya gari, Mama akatua mzigo akainama mbele ya mama yake, wakashikana mikono yote miwili, wakaongea kwa Kiha maneno machache ambayo sikuyapata kwa sababu ya kwikwi zangu. Kisha akafungua mlango wa gari, akaniona nimeshatupwa humo, akasema, "Zena, sogea nikae."

Njia nzima kushuka nilikaa katikati yao nimeshika kitenge chake, pale penye fundo la unyoya. Tulipofika mahali ziwa linapoonekana, Baba aliteremsha kioo, joto likaingia. Nililala.

Niliamka gari likisimama kwetu Ujiji. Bibi alikuwa ameketi barazani. Hakuinuka upesi. Magoti yake yalikuwa hayaamki kirahisi, au labda hakuyaamini macho yake. Mama alimfuata mpaka alipo, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono yenye mafuta daima. Neno la kuombana radhi sikulisikia, na kama lilisemwa, lilisemwa nikiwa sipo. Nilichosikia ni Bibi akiuliza, akiangalia gari na si Mama, "Halikukwama?"

Baba alikohoa. Mama alimjibu haraka, kabla yake.

"Halikukwama, mama. Mafuta yako yametufikisha."

Hapo Bibi ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mpaka majirani wakaja, na yeye na Mama wakakililia kile kichwa kidogo kilichonuka maziwa, nami nikalia kwa sababu kila mtu alikuwa akilia. Nilikuja kuelewa nilichokuwa nakililia nilipokuwa na watoto wangu.

Hakuna aliyemwambia Bibi. Baba alikwenda kwa Fundi Rajabu, akamweleza kwa faragha, na fundi akacheka mpaka akaegemea gari la mtu mwingine, kisha akatia neno lake kwamba hatatoboa siri. Alibadilisha kibano kilicholegea, akakikaza sawasawa, risasi kwa risasi, akasema sasa mzee apake juu kadiri atakavyo, nje hakuna madhara, tena kweli kunazuia unga. Kwa hiyo Bibi aliendelea kupaka. Gari liliwaka Kalinzi alfajiri ya baridi kama lilivyowaka Ujiji, na yeye alijua ni kwa sababu gani, na sisi tulikubaliana naye. Mimi nilichelewa sana kukubali kwamba gari halikumpenda Mama. Bado sijakubali sana.

Binti yangu alisikiliza yote haya akiwa na chupa mkononi. Aliniuliza kama Bibi alikufa bila kujua. Nikamwambia ndiyo, na kwamba miaka yake ya mwisho hakuona vizuri, unyoya ulikuwa ukipaka redieta, ukipaka waya za plagi, ukimpaka Baba. Hakutaka kusaidiwa kupaka. Alikubali tu kushikiliwa boneti, na hakukubali ashikiliwe na mwingine yeyote ila Mama. Mama alikuwa akisimama pale, mikono juu, wakati mwingine mpaka ikatetemeka, na kila Bibi alipouliza kama yameenea vizuri, alimwambia bado kidogo, mama, paka tena upande huu.